Ununue Kompyuta Iliyo Tayari au Uiunde Mwenyewe? Mwongozo wa Kufikia Uamuzi

Swali hili hurudi kila mara, tena kwa maneno yaleyale: "Nina kiasi fulani cha pesa, ninunue kompyuta ya mezani iliyo tayari, au ninunue vipuri niiunde mwenyewe?" Anayeuliza mara nyingi ameshatazama video nyingi zilizotengenezwa Marekani au Uingereza, ambamo kijana hufungua maboksi sebuleni, huunganisha kila kitu kwa saa chache, kisha huonyesha ni kiasi gani ameokoa. Hesabu hiyo ni sahihi kwa soko la huko. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Nairobi, inaacha mambo mawili makubwa. La kwanza ni kompyuta za ofisini zilizotumika, ambazo huletwa kwa wingi kutoka Ulaya na Dubai na kuuzwa kwa bei ambayo vipuri vipya haviwezi kushindana nayo. La pili ni gharama ya kubadilisha kipuri kilichokufa wakati aliyekuuzia yuko nchi nyingine.

Kwa hiyo njia zilizo mbele yako ni tatu: kompyuta ya ofisini iliyotumika, kompyuta mpya iliyounganishwa na kiwanda au duka, na kompyuta unayoiunda mwenyewe kwa vipuri. Mwongozo huu unahusu kuchagua kati ya hizo. Namna ya kufunga vipuri ni somo jingine. Wengi mtakaozifuata hatua hizi kwa uaminifu mtaishia kwenye njia ya kwanza, na nalisema hilo mapema kwa sababu wanaoanza hudhani kwamba kuunda mwenyewe ndiko kunakoonyesha ujuzi. Ujuzi ni kupata mashine inayomaliza kazi yako na ambayo unaweza kuihudumia mahali unapoishi.

MAMBO YA KUWA NAYO KABLA YA KUANZA

Andaa kwanza vitu vifuatavyo, kwa sababu bila hivyo utakuwa unabahatisha:

- Orodha ya programu unazotumia au utakazotumia, kwa majina yake kamili.
- Kiwango cha juu cha pesa ambacho hutakivuka, pamoja na tarehe ambayo kompyuta inahitajika kuanza kazi.
- Picha ya hali ya umeme wa nyumbani au ofisini kwako: unakatika mara ngapi, unashuka na kupanda kiasi gani, na kama unategemea sola.
- Maduka angalau matatu ambayo unaweza kuyafikia kwa miguu au kwa daladala, ili uweze kurudi ukiwa na malalamiko.
- Jina la mtu mmoja atakayekusaidia kompyuta ikigoma. Anaweza kuwa fundi, rafiki au wewe mwenyewe, lakini lazima awepo.
- Flashi ya GB 8 au zaidi, kwa ajili ya kupima mashine na kusakinisha mfumo endeshi.

HATUA ZA KUFIKIA UAMUZI

1. Andika kazi kabla ya kuandika vifaa.

Usianze kwa kusema unataka "Core i7 yenye RAM 16." Anza kwa kusema kompyuta itafanya nini kila siku. Mtu anayeandika barua, anayejaza hesabu kwenye Excel, anayetumia programu ya uhasibu na anayefungua kurasa nyingi za intaneti kwa wakati mmoja anahitaji prosesa (ubongo wa kompyuta) ya wastani, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8 hadi 16 na diski ya SSD (isiyo na sehemu inayozunguka), basi. Mbunifu wa matangazo anayetumia Photoshop anahitaji RAM ya GB 16 au zaidi na skrini nzuri kabla ya kufikiria kadi ya grafiki, yaani kipuri kinachochora picha za skrini. Anayehariri video kwa DaVinci Resolve, anayechora majengo ya pande tatu, au anayecheza michezo mizito ya kisasa anahitaji kadi ya grafiki ya kweli, na hapo ndipo swali la kuunda mwenyewe linapoanza kuwa na uzito.

Gawa kazi zako katika makundi mawili tu: zinazohitaji kadi ya grafiki ya pekee na zisizoihitaji. Mgawanyo huu utaamua mengi kuliko chapa yoyote. Ikiwa hujui programu yako iko kundi gani, soma mahitaji yaliyoandikwa kwenye tovuti ya watengenezaji wake, na uangalie kiwango kinachopendekezwa badala ya kile cha chini kabisa, kwa kuwa kiwango cha chini huonyesha tu kwamba programu itafunguka.

2. Toa kwenye bajeti vitu ambavyo havimo ndani ya kasha.

Skrini, kibodi, kipanya, spika, leseni ya Windows na usafiri wote hula pesa ileile. Muhimu kuliko hivyo vyote ni UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika. Umeme unaokatika ghafla huharibu faili, na ukifanya hivyo mara kwa mara huchosha diski na pawa saplai, kipuri kinachogawa umeme ndani ya mashine. Kwa mwenye kompyuta ya mezani, UPS ni sehemu ya kompyuta. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 350 hadi 400 hivi, kiasi kinachotosha kompyuta ya ofisini na skrini yake kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Kompyuta yenye kadi kubwa ya grafiki inahitaji UPS kubwa zaidi, na tofauti hiyo ya bei uiweke kwenye hesabu ya kuunda tangu mwanzo.

Ukishatoa vyote hivyo, kinachobaki ndicho bajeti ya mashine. Watu wengi hugundua hapa kwamba pesa waliyoitengea kompyuta imepungua kwa robo au theluthi. Ni afadhali kugundua sasa.

3. Hakikisha kwamba kompyuta ya mezani ndiyo unayoitaka.

Ikiwa unahama hama, au umeme wa kwako hukatika kwa saa nyingi, kompyuta mpakato yenye betri yake inaweza kumaliza mjadala huu wote. Ikiwa unatumia sola, zitazame pia zile kompyuta ndogo sana za ofisini, kama Dell OptiPlex Micro, ambazo hutumia adapta ya nje ya aina ya kompyuta mpakato, mara nyingi ya wati 65 au 90. Zinakula umeme kidogo na hazihitaji nafasi.

4. Pima njia ya kwanza: kompyuta ya ofisini iliyotumika.

Hizi ndizo Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre ambazo makampuni na taasisi za nje huziondoa baada ya miaka michache na kuziuza kwa jumla. Zimejengwa kwa ajili ya kufanya kazi kutwa nzima, vipuri vyake vingi vinapatikana, na mafundi wetu wanazifahamu kwa sababu wamezifungua mara nyingi. Kwa kazi za kundi lisilohitaji kadi ya grafiki, sijaona njia nyingine inayozishinda kwa bei.

Jambo la kwanza la kukagua ni kizazi cha prosesa. Katika prosesa za Intel Core za miaka hiyo, kizazi husomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, na i7-10700 ni cha 10. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inahitaji Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0, kipengele cha usalama kilicho ndani ya mashine. Hii ndiyo sababu mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimejaa madukani kwa bei ya kuvutia: ofisi nyingi za nje zinaziondoa. Kama utatumia Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, bado ni mashine nzuri sana. Kama unategemea Windows, tafuta OptiPlex 3060, 5060 au 7060, EliteDesk 800 G4, ThinkCentre M720 au M920, au zilizo mpya kuliko hizo.

Tahadhari: neno "i7" peke yake halina maana. Prosesa ya i7-4770 ya mwaka 2013 ina viini vinne na inaachwa mbali na i3-12100 ya mwaka 2022, ingawa tangazo litaandika "Core i7" kwa herufi kubwa. Usilipe kwa kutazama kibandiko kilicho mbele ya kasha, kwa kuwa kibandiko hubandikwa na yeyote. Washa mashine, fungua sehemu ya taarifa za mfumo, na usome jina la prosesa kwa macho yako.

Jambo la pili ni ukubwa wa kasha na nguvu ya pawa saplai. Kasha jembamba mara nyingi huwa na pawa saplai ya wati 180 hadi 260, na kadi za grafiki za kawaida haziingii kwa urefu wala kwa upana. Nafasi ya kadi kwenye bodi mama (ubao unaounganisha vipuri vyote) hutoa hadi wati 75, hivyo kadi inayowezekana humo ni ile isiyohitaji waya wa ziada na yenye umbo fupi. Kubadilisha pawa saplai nako si rahisi kama kwenye kompyuta ya vipuri, kwa sababu Dell na HP hutumia viunganishi vyao wenyewe katika mifano mingi ya ofisini, na pawa saplai ya kawaida ya dukani haichomekeki bila adapta. Kama unafikiri utaongeza kadi ya grafiki baadaye, nunua yenye kasha la mnara, au achana na njia hii mapema.

Ukiwa dukani, fanya ukaguzi huu kabla ya kulipa. Ingia kwenye BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) na uhakikishe haina nywila iliyoachwa na kampuni ya zamani, kwa kuwa kuiondoa kwenye baadhi ya mifano ni shida kubwa. Pima afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo uliyoibeba kwenye flashi. Chomeka flashi hiyo kwenye kila tundu la USB. Jaribu sauti na intaneti ya waya, na uiache mashine ikiwaka kwa nusu saa huku ikicheza video. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivi amekwisha kukujibu swali la waranti.

5. Pima njia ya pili: kompyuta mpya iliyo tayari.

Faida kuu hapa ni waranti moja kwa mashine nzima. Ikigoma, huulizwi kama kosa ni la RAM au la bodi mama, unaipeleka yote. Lakini faida hiyo ina thamani tu ikiwa kituo cha huduma kipo nchini mwako. Uliza maswali manne na majibu yaandikwe kwenye risiti: waranti ni ya muda gani, inatolewa na kiwanda au na duka, mashine itapelekwa wapi kutengenezwa, na nani analipa usafiri.

Kompyuta za michezo zinazounganishwa na maduka ya hapa zinahitaji uangalifu zaidi. Tangazo litataja prosesa na kadi ya grafiki, kisha litanyamaza kuhusu pawa saplai, bodi mama na aina ya SSD, na hapo ndipo pesa inapobanwa. Omba orodha kamili yenye jina na mfano wa kila kipuri. Pawa saplai isiyo na jina la mtengenezaji anayejulikana ni sababu tosha ya kukataa mashine nzima au kudai ibadilishwe, kwa sababu ikiungua inaweza kuondoka na vingine. Uliza pia kama RAM ni kijiti kimoja au viwili. Vijiti viwili vya GB 8 kwa kawaida hufanya kazi haraka kuliko kimoja cha GB 16, hasa pale ambapo grafiki ziko ndani ya prosesa.

6. Pima njia ya tatu: kuunda mwenyewe.

Andika orodha ya vipuri vyote kabla ya kuuliza bei ya hata kimoja: prosesa, kipoza joto, bodi mama, RAM, SSD, pawa saplai, kasha, na kadi ya grafiki kama inahitajika. Kisha hakikisha vinakubaliana. Tovuti ya PCPartPicker husaidia kukagua hilo, ingawa bei zake si za soko letu. Mambo yanayowaangusha wanaoanza ni haya:

- Soketi, yaani tundu la prosesa kwenye bodi. Prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14 hukaa kwenye LGA1700, na za kizazi cha 10 na 11 kwenye LGA1200. Ryzen, ambazo ni prosesa za AMD, za mfululizo wa 5000 hukaa kwenye AM4, na za mfululizo wa 7000 kwenye AM5.
- Aina ya RAM. AM5 inapokea DDR5 pekee. Bodi za LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na bodi moja moja kwa kawaida hupokea aina moja tu.
- Grafiki za ndani. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, haina grafiki za ndani, na Ryzen 5 5600 pia haina. Ryzen 5 5600G inazo. Ukinunua isiyo nazo bila kadi ya grafiki, skrini haitaonyesha chochote.
- Toleo la BIOS. Bodi ya AM4 iliyokaa dukani miaka mingi inaweza kuhitaji kusasishwa kabla ya kuitambua Ryzen ya mfululizo wa 5000. Muombe muuzaji aisasishe.
- Nguvu ya umeme. Jumlisha prosesa na kadi, kisha uongeze akiba. Kwa mfano, i5-12400F hufika wati 117 inapobanwa na GeForce RTX 4060 imepangiwa wati 115. Ukijumlisha bodi, diski na feni unakaribia 300, na pawa saplai nzuri ya wati 550 inatosha kwa raha.

Sasa peleka orodha hiyo kwenye maduka yako matatu. Hapa ndipo ukweli wa soko letu unapojitokeza. Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi utapata RAM, SSD na makasha bila taabu, lakini bodi mama ya aina uliyoiandika inaweza isiwepo, na muuzaji atakupa "inayofanana." Usikubali inayofanana kabla ya kurudia ukaguzi wa soketi na RAM. Vipuri vingine vitabidi viagizwe, mara nyingi kutoka Dubai, ambako mtaa wa Khalid bin Al Waleed huko Bur Dubai umejaa maduka ya kompyuta na ndiko wafanyabiashara wetu wengi hununua. Uliza kama bei uliyotajiwa ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, kwani kiwango cha kawaida cha Kenya ni asilimia 16 na cha Tanzania Bara ni asilimia 18, na kinatosha kugeuza uamuzi.

Lipo jambo la wakati huu ambalo lazima liingie kwenye hesabu. Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu zinazohitajiwa na vituo vya data vya akili mnemba, na SSD nazo zimeguswa. Mwongozo wowote wa kuunda ulioandikwa kabla ya hapo una bei zisizokuwepo tena. Kompyuta ya ofisini inayokuja na GB 16 ndani yake imeongezeka thamani bila kuguswa.

Tahadhari: ukipewa prosesa iliyotumika ya Intel i7 au i9 yenye herufi K ya kizazi cha 13 au 14, jihadhari. Intel ilikiri mwaka 2024 kwamba baadhi ya prosesa za vizazi hivyo zilikuwa zikipoteza uthabiti kwa sababu ya volti iliyozidi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya; hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika.

7. Linganisha gharama za miaka minne badala ya bei ya siku ya kwanza.

Chora safu tatu, moja kwa kila njia. Katika kila safu andika bei ya kununua, UPS inayolingana nayo, kitu kimoja utakachoongeza ndani ya miaka minne, na kitu kimoja kitakachokufa. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Pawa saplai ya kompyuta uliyoiunda hubadilishwa siku hiyohiyo kwa iliyopo dukani. Ya kompyuta nyembamba ya ofisini hutafutwa kwa mfano wake, mara nyingi kwa kuichukua kutoka mashine nyingine ya aina ileile. Bodi mama uliyoiagiza kutoka nje itabidi irudi kwa gharama yako, na waranti yake inaweza kuisha ikiwa njiani.

Linganisha mashine za daraja moja. Kuweka kompyuta ya vipuri yenye RTX 4060 kando ya OptiPlex isiyo na kadi, kisha kusema ya pili ni nafuu, hakukusaidii chochote.

8. Jipime wewe mwenyewe.

Kufunga vipuri si kugumu. Anayeweza kutumia bisibisi na kusoma kijitabu cha bodi mama atamaliza. Kugumu ni kutafuta kosa pale mashine inapokataa kuwaka na vipuri vyote ni vipya, kwa maana hapo unahitaji RAM nyingine ya kujaribia, pawa saplai nyingine na subira ya siku kadhaa. Mwenye duka la kuchapisha nyaraka ambaye kila siku bila kompyuta ni hasara hapaswi kujiweka katika hali hiyo. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye likizo mbele yake na rafiki mwenye vipuri anaweza kujiweka humo, na atajifunza mengi.

9. Amua.

Kama kazi zako hazihitaji kadi ya grafiki, chukua kompyuta ya ofisini iliyotumika ya kizazi cha 8 au zaidi, kisha pesa iliyobaki iende kwenye UPS na SSD mpya. Kama ni ofisi, shule au taasisi inayohitaji risiti kamili na mtu wa kuwajibika, nunua mpya yenye waranti ya nchini. Kama unahitaji kadi ya grafiki, vipuri vyote muhimu vipo kwenye maduka unayoyafikia, una mtu wa kukusaidia kutafuta kosa, na tarehe yako ya mwisho iko mbali, unda mwenyewe, na uchague bodi itakayokuruhusu kubadilisha prosesa baadaye. Likikosekana sharti moja kati ya hayo, mwombe muuzaji akuunganishie kwa orodha yako mwenyewe, kipuri kwa kipuri, naye aandike waranti ya mashine nzima kwa jina lake. Ada ya kuunganisha utakayolipa ni ndogo ukilinganisha na mzigo unaoutua.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA MARA KWA MARA

Njia mbili zimekaribiana bei na huwezi kuchagua. Chagua ile ambayo kipuri chake chenye uwezekano mkubwa wa kufa kinapatikana mjini kwako. Kwa maeneo yenye umeme unaoyumba, hicho mara nyingi ni pawa saplai.

Umenunua iliyotumika na Windows 11 inakataa kusakinishwa. Kama prosesa ni ya kizazi cha 8 au zaidi, ingia kwenye BIOS uwashe TPM na uanzishaji salama (Secure Boot), kwa sababu mashine nyingi hufika vitu hivyo vikiwa vimezimwa. Kama ni ya kizazi cha chini, kulazimisha usakinishaji kunawezekana, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuipa mashine hiyo masasisho. Kwa ofisi yenye taarifa za wateja, rudisha mashine au weka Linux.

Mashine imetoka Marekani. Huko umeme ni volti 120, na hapa ni 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya. Pawa saplai nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe, lakini zipo zenye swichi nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Kama imewekwa kwenye 115 na ukaichomeka ukutani, itaungua papo hapo. Itazame kabla ya kuchomeka waya, na kama haina swichi soma kibandiko chake uone kama kimeandikwa 100–240.

Umeunda, feni zinazunguka, na skrini ni nyeusi. Hakikisha kwanza kwamba waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya grafiki, si kwenye tundu la bodi mama. Kisha toa RAM yote, rudisha kijiti kimoja kwenye nafasi iliyoelekezwa na kijitabu, ukibonyeze mpaka kisikike kimeshika. Tazama pia waya wa umeme wa prosesa ulio juu ya bodi, ambao wengi husahau kuuchomeka kwa kuwa umejificha kwenye kona. Bodi za DDR5 zinaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza zikijifunza RAM, hivyo subiri kabla ya kuzima.

RAM uliyoinunua ya kasi 3200 inaonekana kufanya kazi kwa 2133 au 2400. Haijaharibika wala hukutapeliwa. Washa XMP (mpangilio unaoiruhusu RAM ifikie kasi yake) kwenye BIOS, kisha upime tena.

Mashine ilikuwa na kasi, na baada ya miezi kadhaa imekuwa nzito na ya moto. Vumbi limeziba kipoza joto. Izime, ichomoe ukutani, fungua ubavu wa kasha, shikilia feni kwa kidole ili isizunguke, na upulize vumbi nje kwa blowa. Kwa wanaoishi karibu na bahari, kama Tanga, Mombasa au Zanzibar, hewa ya chumvi hushambulia pia viunganishi vya shaba, hivyo usafishaji ufanywe kila baada ya miezi mitatu na kasha lisiwekwe dirishani. Kama joto bado liko juu baada ya kusafisha na mashine ina zaidi ya miaka mitano, badilisha krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipoza. Ile ya zamani huwa imekauka kabisa.